Nani Alisema Muziki Umekufa?



Kuko neno moja ambalo linarudia mu kila kikao chetu cha desturi. Mzee mmoja anasimama, anakohoa kidogo, halafu anasema: "Muziki ilikufa. Batoto ba leo habajue kuimba." Watu wanapiga makofi. Mwingine anaongeza majina: Mwenda wa Bayeke, Masengo, Kabasele, Franco. Wanayataja sawa vile watu wanataja marehemu ku kilio, na kila mtu anarudi kwake na huzuni tamu. Mimi nimechoka na huzuni ile. Ninaandika kwa kuipinga, na wakubwa wanisamehe kama ulimi utakuwa mkali, kwani mwalimu anazoea kusema mbele ya watoto 50 ambao hawataki kunyamaza.

Ninasema hivi: muziki mpya ulio mzuri uko, tena uko mwingi. Kinachokosa si nyimbo. Kinachokosa ni watu wa kuzitafuta na mahali pa kuzipimia. Wazee wetu walikuwa na mahali pale. Pameachwa, pameota majani, na sasa lawama zote zinaangukia kijana mwenye gitare. Tena wengi mu shirika wanaelewa vibaya neno lenyewe la desturi. Wanafikiri desturi ni orodha ya nyimbo za kale, ya kufungia mu sanduku na kufungua siku ya sikukuu. Hapana. Desturi ilikuwa kazi: kazi ya kupokea wimbo mpya, kuupima, kuutupa ao kuushika. Nyimbo ambazo tunaziita za kale ni zile tu ambazo zilipita mu ungo ule. Zingine nyingi zilibaki makapi, na hakuna anayezilia.

Tuanze na kilio, kwani pale njo kulikuwa ungo mkubwa kuliko yote. Mu kilio cha zamani, na hata leo mu vijiji vingi na mu kona fulani za Katuba na Kenya, mama mmoja anasimama usiku na kuanzisha wimbo. Mara nyingine ni wimbo ambao kila mtu anaujua. Mara nyingine ameutunga mwenyewe mu njia, akiwaza juu ya marehemu, juu ya mume aliyemwacha, juu ya deni la mashamba. Anaimba mstari wa kwanza. Sasa kila kitu kinategemea wale wengine. Kama mstari umeshika moyo, wanawake wanaupokea, wanajibu, mikono inaanza kupiga, mtu anavuta ngoma. Kama haukushika, wawili ao watatu wanajibu kwa adabu, sauti inazimika polepole, na mama mwingine anaanzisha wake. Hakuna aliyetukanwa. Hakuna aliyenunua nafasi. Lakini wimbo umekwisha kupimwa, na waamuzi walikuwa wote waliokaa chini pale. Asubuhi wale waliotoka Kipushi wanarudi nao Kipushi, wale wa Likasi wanaubeba mpaka Likasi. Ile njo ilikuwa redio yetu, na haikuhitaji mti wa antena.

Ngoma za siku ya yenga zilifanya kazi ileile. Ng'ambo ya mpaka, mu mji wa Luanshya mu Zambia, mtaalamu mmoja, J. Clyde Mitchell, aliwatazama wachezaji wa kalela na akatoa kitabu juu yao mwaka 1956. Walikuwa watu wa kazi, wenye suruali zilizopigwa pasi na viatu vya kung'aa, na waliimba mu Kibemba cha mji maneno ya kuchekelea makabila mengine na kujisifu wao wenyewe. Ngoma ya namna ile haiwezi kuishi na maneno ya mwaka uliopita, kwani utani wa zamani hauchekeshi mtu. Ilipaswa kila mara kutunga. Na watu waliozunguka duara walijua kama umetunga ao umerudilia.

Hata mu kanisa, ambapo watu wanafikiri kila kitu kilikuwa kimefungwa. Padri Anschaire Lamoral, Mbenedikto, alianzisha mu Elisabethville korali ya Chanteurs à la Croix de Cuivre, na mu mkono wake alipita Joseph Kiwele, yule aliyetunga Messe katangaise na kisha kuwa waziri wa masomo mu Katanga ya mwaka 1960. Leo tunapiga ngoma mu misa bila hata kuwaza. Siku zile, wakati kanisa liliimba Kilatini, kuingiza sauti za kwetu mu misa kulikuwa jambo jipya kabisa, tena la kutisha wengine. Kiwele hakusubiri awe "wa zamani" ndipo watu wamwimbe.

Sasa nije kwa Mwenda, kwani wazee wananitupia Mwenda kila mara sawa jiwe. Mwenda wa Bayeke Jean-Bosco alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kukamata sauti, alimkuta akipiga gitare mu barabara ya Jadotville, njo Likasi ya leo. Kijana wa miaka 22 hivi. Wimbo wake Masanga ulitoka mu sahani, ukatembea mpaka Afrika ya Mashariki, na wapiga gitare wa Nairobi wakaanza kutafuta vidole vyake vilifanya nini. Miaka miwili baadaye Tracey alianzisha mu Afrika ya Kusini nyumba ya kuhifadhi muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko ku chuo kikuu cha Rhodes. Mtu akitaka kusikia sauti za Katanga ya miaka ile, kule njo zinalala.

Swali langu kwa wazee ni jepesi. Kijana wa miaka 22 anakaa ku barabara na gitare, anaimba mambo ambayo hakuna aliyeyasikia: angepita leo mbele ya mlango wa shirika letu, tungemwambia nini? Tungemwambia asogee, anaharibu kikao cha desturi. Mwenda hakuwa muziki wa kale. Mwenda alikuwa muziki mpya ambao mtu fulani alisimama kuusikiliza. Na yule aliyesimama na mashine mu mkono hakuwa mmoja wetu.

Kama ilikuwa mara moja tu, ningenyamaza. Lakini ilirudilia. Mu Kinshasa, Mawangu Mingiedi alikuwa na kundi lake Konono No. 1, na likembe zilizounganishwa na vyombo vya kuongeza sauti walivyotengeneza na vipande vya magari ya kufa. Mfaransa Bernard Treton aliwarekodi mwaka 1978. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, alisikia sauti ile, ikamkaa mu kichwa, akaanza kuwatafuta mu Kinshasa, na mwaka 2000 njo aliwapata. Karibu miaka 20 mtu anafuata kundi moja! Mwaka 2004 sahani Congotronics ikatoka, na dunia ikashangaa. Sisi pia tukashangaa, tena baada ya dunia, wakati wale wazee wa likembe walikuwa wakipiga ku kilio na ku arusi za jirani zetu Wakinois kila juma.

Halafu ni sisi wenyewe, hapa Lubumbashi. Karindula. Kila mtu wa mji anaijua: pipa, ngozi ya mbuzi, mti mrefu, kamba nne, mpigaji amepanda juu sawa ni mtumbwi. Vijana wanaicheza ku kilio, ku nganda, ku kona ya soko. Nani wa shirika letu alikwenda kuwauliza majina ya watungaji? Wanasemaka ni muziki ya walevi, ya lutuku. Mwaka 2011 Kenis yuleyule, na nyumba ya sahani Crammed Discs ya Brussels, wakatoa The Karindula Sessions, sauti na picha pamoja, zilizokamatwa mu mji wetu. Ndipo mabwana wa kwetu wakaanza kusema "urithi wetu wa karindula". Simlaumu Mbelgiji yule, alifanya kazi. Ninawalaumu wale waliokaa mita mia tano na ngoma ile na hawakutembea mita mia tano.

Mtanijibu: mwalimu, ungo uliharibika juu ya mambo makubwa, si juu ya uvivu. Ni kweli kwa sehemu. Mu makambi ya Union Minière, kisha ya Gécamines, kulikuwa serkle, kulikuwa korali, kulikuwa watu wanaolala na kuamka pamoja kwa saa ya king'ora. Kampuni ilipoanguka, na hasa mwaka 2003 wakati wafanyakazi karibu 10,000 walitolewa mu ile tuliita "departs volontaires", maisha yale yalitawanyika. Mtu ambaye jana alikuwa akiimba besi mu korali ya kambi alikwenda kulima mbali ao kuuza mukaa. Ninaelewa. Lakini njaa haikuzuia wanawake kuimba ku kilio. Ilizuia wenye viatu kwenda kukaa chini pamoja nao.

Mahali pa ungo hapakubaki patupu. Pale palikaa franka. Na hapa njo ninataka kusema juu ya mabanga bila kuficha.

Libanga mu Kilingala ni jiwe. "Kutupa jiwe" ni kutaja jina la mtu ndani ya wimbo, na mtu yule analipa: muuza magari, mwanajeshi mkubwa, mwanamke wa biashara ya Dubai, kijana anayeishi Ulaya na anataka jirani zake wajue kwamba yeye si mtu wa hivihivi. Zamani ilikuwa jina moja ao mawili, salamu ya rafiki. Leo kuko nyimbo ambazo, ukiondoa majina, hakubaki hata uji wa kunywa. Mwimbaji anaanza kulia juu ya mapenzi, na mbele ya kumaliza kulia anakumbuka mkubwa fulani wa duane. Kisha mapenzi yanarudi. Kisha mwingine wa benki.

Watetezi wa mabanga wako na jibu, na ni jibu la watu wa desturi, kwa hiyo linatuhusu. Wanasema: mbona Waluba wako na kasala? Kasala si majina matupu, majina ya mababu, ya ukoo, ya matendo? Mwimbaji wa kasala hapokei zawadi? Basi mabanga ni kasala ya leo.

Hapana, ndugu. Nitaeleza tofauti, na wale waliokulia mu Kasai ao mu Lubaland wanisahihishe kama ninadanganya. Mu kasala, mwimbaji anasimama mbele ya watu ambao wanajua ukoo ule kuliko yeye. Akimpa mwoga jina la simba, watu watacheka, na kicheko kile kitamfuata mpaka kaburini. Zawadi inakuja baada ya maneno, kwa sababu maneno yamechoma moyo. Mtu anatoa machozi, kisha anatoa mfuko. Mu mabanga bei inakuja mbele. Msikilizaji wa Kolwezi hajui bwana yule wa Kinshasa ni nani, hawezi kucheka, hawezi kukubali, hawezi kukataa. Waamuzi wamefukuzwa mu duara. Kasala inahitaji masikio yanayojua, libanga linahitaji mfuko tu. Kuviita kitu kimoja ni sawa kuita pombe ya duka munkoyo, juu zote zinanywewa.

Tena mabanga yanaua muziki mpya kwa njia ambayo watu hawaoni. Mtungaji kijana ambaye hana jina hawezi kuuza majina. Bwana mkubwa analipa ili atajwe na mtu ambaye amekwisha kujulikana. Kwa hiyo feza inakwenda kwa aliyejulikana jana, anatengeneza picha nzuri, anapita mu televizyo, anajulikana zaidi, na kesho mabwana wanamlipa tena. Gurudumu linazunguka pale pale. Mwenda naye aliimba matangazo ya Aspro kule Nairobi, ninajua, msiniandikie barua juu ya hiyo. Lakini tangazo lilikuwa tangazo na wimbo ulikuwa wimbo. Aliyesikia Masanga hakukuta mu katikati yake jina la muuza dawa.

Juu ya redio nitasema kidogo, kwani kila mtu anajua. Tangu sheria ya vyombo vya habari ya mwaka 1996, redio zimeota mu Kongo sawa uyoga baada ya mvua, na lilikuwa jambo la heri. Tulifikiri kila kijiji kitajisikia. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alitunga wimbo juu ya ba creuseurs, wale wachimbaji wa mikono: mu Kiswahili chetu cha hapa, na sehemu ya kujibu mu Kisanga ambayo bibi yake alimsaidia kupanga. Wimbo juu ya mtu anayeingia mu shimo na tochi iliyofungwa ku kichwa, na mke wake anayehesabu masaa. Aliupeleka ku redio moja ya mji. Mtangazaji akasikiliza dakika moja, akasema ni bizuri, kisha akauliza: "Na ya maji iko?" Kijana hakuwa na ya maji. Alirudi mara tatu. Leo anauza unite za simu chini ya parasoli, na gitare aliiuza. Wazee wetu wanapita kununua unite kwake, na wanaendelea kusema kwamba vijana hawajui kuimba.

Mtangazaji yule naye mara nyingi halipwi mshahara, nitasema haki yake. Lakini matokeo ni yaleyale: sauti inayopita si ile iliyopimwa, ni ile iliyolipiwa.

"Basi intaneti itatuokoa," wananiambia wanafunzi. Mu simu kuko kila kitu, unatafuta, unapata. Ninawauliza: unatafuta nini, kama jina lake hulijui? Pale njo mtego. Ile mashine ya YouTube haikuletei kizuri. Inakuletea kinachofanana na kile ulichokwisha kutazama, na kile ambacho watu wengi wametazama. Imeundwa ili usizime simu. Ukisikiliza wimbo mmoja wa Kiswahili, itakuletea wa Dar es Salaam, kisha mwingine wa Dar es Salaam, juu kule njo kuko watazamaji mamilioni. Ni nyimbo nzuri zingine, sikatai. Lakini mtunzi wa Likasi mwenye watazamaji 300 yuko chini kabisa mu kisima, na mega zako zitaisha mbele ya kamba kufika. Mzee wa kijiji aliyekaa ku kilio hakukuuliza jana ulisikiliza nini. Alikuambia: mwanangu, keti, sikia hii.

Mtazame Innoss'B. Ni mtoto wa Goma, alishinda shindano la Vodacom Superstar mwaka 2010 akiwa bado mdogo sana. Watu wangapi hapa walimchukua kwa uzito? Mwaka 2019 alitoa Yope, kisha akaurudilia na Diamond Platnumz wa Tanzania, na ghafla kila arusi ya Lubumbashi ilikuwa Yope. Miaka tisa! Sauti ya ndugu yetu wa Mashariki ilipaswa kuzunguka mpaka bahari ya Hindi ndipo iingie vizuri mu masikio ya Katanga.

Au tazama ile ya mwaka 2021. Kundi la vijana wa Kinshasa, MPR, lilitoa Nini tosali te, kuuliza wakubwa kile wamefanya na nchi. Mu mwezi wa kumi na moja tume ya serikali inayochunguza nyimbo iliupiga marufuku, kisha marufuku ikaondolewa haraka. Watu wangapi walikimbia kuusikia juu ya marufuku ile! Kwa hiyo mu nchi yetu serikali inafanya kazi ya kutangaza wimbo mzuri kuliko mashirika ya utamaduni. Ninacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Kama mnataka kuona mtu ambaye bado anashika ungo, msiende kwa waziri. Nendeni kwa yule kijana wa soko mwenye kompyuta ya zamani na kamba nyingi za simu, anayejaza nyimbo mu karte za watu kwa franka kidogo. Mimi ninamheshimu sana yule. Anamtazama mteja, anamuuliza anatoka wapi, anamwekea kumi anazotaka na mbili ambazo hakuomba. Mteja akirudi kuuliza "ile ya mwisho ni ya nani?", kijana anajua kwamba mstari umepokelewa. Hakuna mtu aliyemfundisha, hana diplomi, na sheria ya haki za watungaji haimpendi, tena kwa sababu ya haki, juu mtungaji hapati kitu pale. Lakini kwa kazi ya kuchagua, amepita wengi wenye ofisi.

Sisemi kwamba kila kipya ni kizuri. Mungu wangu! Nyingi ni takataka: ngoma ya mashine ileile, sauti iliyonyooshwa na kompyuta mpaka mwimbaji hajijui, maneno matatu yanayorudiliwa mpaka jenereta linazima. Lakini takataka si dalili ya kifo. Mu kilio pia usiku mmoja ulikuwa na nyimbo kumi na tano, na mbili tu zilifika asubuhi. Ungo hauwekwi pale ambapo hakuna makapi.

Sasa rumba. Mu mwezi wa kumi na mbili 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo mu orodha ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Nilifurahi sawa kila mtu. Kisha nikaona kile kinafuata: hotuba, picha za marehemu, orkestra zinazorudilia nyimbo za miaka ya 1960 noti kwa noti. Tuangalie tusijenge kaburi zuri juu ya mtu anayepumua. Rumba yenyewe ilizaliwa namna gani? Sahani za Cuba, zile za GV zilizoanza kutoka mwaka 1933, ziliingia mu bandari, vijana wakazichanganya na ngoma na likembe zao. Wakati wa Marie-Louise ya Wendo, mwaka 1948, watu walisema unaamsha wafu, na wakubwa wa dini hawakufurahi hata kidogo. Bibi na babu waliokataza wimbo ule kwa watoto wao walikuwa wakitetea desturi, sawa vile sisi tunafanya leo, na walikuwa wakisema maneno yaleyale kabisa. Tungewasikiliza, UNESCO ingeandika nini?

Basi nije kwa kile ninaomba, kwani polemiki bila ombi ni kupiga kelele tu.

Sikukuu yetu ya kila mwaka inaita makundi yaleyale matatu na nyimbo zilezile, na feza nyingi inakwenda kuchapisha vitambaa. Ninaomba nusu ya saa za sikukuu zipewe nyimbo ambazo hazijapata mwaka mmoja. Mu Kisanga, mu Kibemba, mu Kiluba, mu Kiswahili cha mji, sijali. Hakuna jina la mtu litakalotajwa kwa malipo, hata la mwenyekiti wetu. Na watu wawe na ruhusa ya kutojibu: kama wimbo haushiki, tuuache uzimike kwa adabu kama zamani. Makofi ya lazima yanaharibu masikio kuliko mabanga.

Lakini sikukuu ni siku moja. Kazi ni mu siku zile zingine. Mu kila komini apatikane mtu mmoja wa shirika ambaye atakwenda ku kilio, ku mazoezi ya korali, ku nganda ambapo karindula inapigwa, mu Katoliki na mu Metodisti na mu Garenganze bila ubaguzi. Aombe ruhusa, akamate sauti na simu yake, aandike jina la mtungaji, luga, mtaa na tarehe. Hasa majina ya wanawake, kwani wale wanaotunga ku kilio hakuna anayewaita wanamuziki, hata wao wenyewe. Bei ya vitambaa vya mwaka mmoja inaweza kulipa basi za watu wale kwa miezi mingi. Mweka hazina anajua kuhesabu, afanye hesabu. Sauti zikishakusanywa, tukae kila mwezi, tusikilize pamoja, tubishane. Zile zilizopita tuzipeleke ku redio sisi wenyewe, shirika zima, na muhuri juu ya barua, tuone kama mtangazaji atauliza ya maji mbele ya wazee wenye mvi.

Ba papa watauliza nani ana muda. Wenye muda wa kulalamika wanao. Walimu wenzangu wa sekondari pia: watoto wanaandika mashairi ya nyimbo nyuma ya madaftari ya jeografia, tunayachana na kuwaadhibu bila kusoma.

Wimbo wa ba creuseurs niliotaja, ninao mu simu yangu, na mwenyewe amekubali usikiwe. Karatasi ya majina ya komini iko ku meza ya katibu. Ku Katuba nimekwisha kuandika langu, na mama mmoja wa korali amejiandika ku Kenya. Ruashi, Kampemba, Kamalondo na Annexe bado ziko tupu.